Mbatata za Gare na Jembe la Kwetu

Na Katibu wa Chama



Mkutano Mkuu unakaribia, na miongoni mwa mashauri yatakayoletwa mbele yenu liko moja ambalo matawi mawili yameliandika kwa maneno karibu sawasawa: kwamba Chama kitoe fedha za kuajiri vibarua ili mashamba ya wanachama yalimwe kwa jembe chini ya mikarafuu mara mbili kila mwaka, mpaka nyasi zote zing'oke na ardhi ibaki tupu. Walioandika wana sababu zao. Shamba safi lapendeza machoni, karafuu zilizoanguka chini huokotwa kwa urahisi, na mwenye shamba lenye majani huitwa mvivu hata kama mazao yake ni mengi kuliko ya jirani.

Mimi nalipinga shauri hilo. Lakini badala ya kuanza na mikarafuu, ambayo kila mmoja wetu anajiona ni mwalimu wake, nataka twende kwanza Gare, katika milima ya Usambara, kwa wakulima wa mbatata. Najua wengine watauliza, mbatata na karafuu wapi na wapi? Jawabu langu ni kwamba hapana mkulima anayeuchezea udongo kwa jembe kama mkulima wa mbatata. Huuchimba apandapo, huuchimba apaliliapo, huuinua kwenye tuta, na mwisho huufukua wote avunapo. Kama jembe lina wema au ubaya wowote kwa viumbe vinavyoishi udongoni, utaonekana kwake kabla ya kuonekana kwetu. Tena maradhi yanayowasumbua wenzetu huko yana ndugu anayeua mikarafuu, na khabari zake nitazieleza mahali pake.

Gare iko katika Wilaya ya Lushoto, Usambara ya Magharibi. Mtu atokaye Pemba huvuka bahari mpaka Tanga, akashika njia ya Mombo, na kutoka Mombo gari hupanda kona baada ya kona mpaka masikio yazibe. Ni nchi ya baridi. Wajerumani waliipenda kwa sababu hiyo, wakauita mji wa Lushoto Wilhelmstal, na Gare kwenyewe watawa wa shirika la Trappist walifungua misheni mwaka 1897. Wenyeji ni Wasambaa. Kilimo chao cha asili kilikuwa migomba hasa, kisha mahindi na maharage, vyote vikichanganywa pamoja katika konde moja. Mbatata, ambazo wao huziita viazi mviringo au viazi Ulaya, zilikuja na wageni, zikapatana na baridi, na leo ni zao la fedha pamoja na kabichi, karoti na tungule. Nilikwenda huko na wenzangu wawili wa kamati, kwa nauli zetu wenyewe (nalisema hili mapema, maana maswali ya fedha hayachelewi), tukakaa siku nne.

Kwanza yafaa tufahamu ni nani waishio udongoni. Udongo wa kujaza kijiko cha chai tu, ukiwa hai, una bakteria mamilioni kwa mamilioni, na huweza kufika hata bilioni. Bakteria ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwa kuwa tumezoea kulisikia jina hilo hospitalini, wengi wetu huwadhania wote kuwa ni adui. Si kweli. Wao ndio wanaoozesha majani, mizizi mikavu na samadi, wakayageuza kuwa chakula cha mmea. Wapo wanaotoa amonia katika vitu vilivyooza. Wapo wengine wanaoipokea amonia hiyo na kuigeuza kuwa naitreti, ambayo mizizi huinywa kwa urahisi. Wapo pia wale waishio katika vinundu vya mizizi ya maharage, na hao kazi yao ni ya ajabu zaidi, kwani huishika naitrojeni iliyomo hewani wakampa mharage. Hewa yote tunayoivuta, karibu sehemu nne kwa tano ni naitrojeni, wala mmea hauwezi kuitumia mpaka viumbe hivi viufanyie kazi hiyo. Msambaa aliyechanganya maharage na mahindi hakuwahi kuviona vinundu hivyo kwa darubini, lakini alikuwa amewaajiri vibarua wake siku nyingi kabla ya Bwana Shamba kufika.

Sasa mtu akitia jembe, hutokea nini? Udongo uliokuwa umeshikana vidonge vidonge huvunjika. Mabaki ya majani yaliyokuwa yamejificha ndani ya vidonge hivyo hufunuliwa, hewa ikaingia, na bakteria wakapata chakula na pumzi kwa mara moja. Ni kama kufungua ghala mbele ya watu wenye njaa. Wanakula, wanazaana, wanakufa, na katika shughuli hiyo naitrojeni nyingi hutoka ikawa tayari kwa mmea. Kwa hiyo konde lililolimwa vizuri hukijanisha mimea upesi, na mkulima akasema jembe limeutia udongo nguvu. Ukweli ni kwamba jembe halikutia kitu. Limeitoa akiba. Kila mara ghala linapofunguliwa, sehemu ya mboji huondoka hewani kama hewa ya ukaa, na asiyerudisha majani wala samadi atakuta baada ya miaka kadhaa kwamba udongo umekuwa mwepesi, hauna rangi, na bakteria wenyewe wamepungua kwa kukosa chakula. Nyuzi za kuvu, zinazoufunga udongo mahali pamoja na kuisaidia mizizi kupata fosifeti, hizo jembe huzikata moja kwa moja.

Jambo hili si khabari ya kutoka Ulaya tu. Mtaalamu mmoja aitwaye H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba udongo uliokauka sana kiangazini, ukipata mvua ya kwanza, bakteria wake hufufuka kwa kishindo na kutoa naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Mpaka leo wanasayansi wa udongo duniani hulitaja jambo hilo kwa jina lake Birch. Maana yake kwa mkulima ni kubwa. Ile mvua ya kwanza ya masika ina karamu ndani yake, lakini karamu ni ya siku chache. Aliyekwisha kupanda hula. Aliyechelewa, na aliyeacha konde lake tupu juu ya mteremko, karamu yake huteremka na maji mpaka bondeni. Wazee wa mlimani waliokuwa wakipanda mapema, na kuyaacha mabua na majani ya migomba yatande chini, walikuwa wakiishika naitrojeni hiyo bila ya kuijua kwa jina.

Hapa sina budi kusimulia kidogo khabari za matuta, maana mtu hawezi kusema jembe mbele ya Msambaa mtu mzima bila ya neno hilo kurudi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza iliona udongo wa Usambara unamomonyoka, na kwa kweli ulikuwa ukimomonyoka. Mwaka 1946 ikaanza mpango wake katika bonde la Mlalo, kisha ukaenezwa katika milima mingine: kila mtu alime matuta ya kukinga maji kwa vipimo vilivyoamriwa, na asiyelima apelekwe barazani kutozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Watu wakapinga kwa miaka, chuki dhidi ya matuta ikachanganyika na siasa za kudai uhuru, na mwisho wa miaka hiyo ya 1950 mpango ukaachwa. Mwanahistoria Steven Feierman ameyaandika hayo kwa urefu katika kitabu chake cha 1990. Wasambaa wana maneno mawili juu ya mambo ya nchi: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Serikali ilidhani inaponya. Wenyewe waliona inaharibu.

Nani alikuwa na haki? Kwa maoni yangu, serikali ilikuwa na haki juu ya maji na makosa juu ya udongo. Mteremko ule, usipokingwa, mvua huubeba. Lakini ukichimba tuta kubwa mahali ambapo udongo mweusi ni mwembamba, unaufukia ule mweusi wenye uhai na kuupandisha juu ule mwekundu wa chini ambao haujawahi kulisha kitu. Bakteria na mboji wako katika tabaka ya juu, unene wa shibiri moja hivi. Hapo ndipo penye shamba. Kilichobaki chini ni mlima tu. Na kichekesho ni kwamba leo wajukuu wa wale waliokataa matuta kwa faini wanalima matuta kwa hiari yao kila msimu, kwa sababu mbatata yenyewe inayataka.

Sasa niyaeleze maradhi. Wataalamu huyaita mnyauko wa bakteria, na bakteria wake ni Ralstonia solanacearum. Mmarekani Erwin Smith alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1896, na amebadilishwa jina mara kadhaa mpaka akapewa hilo la Ralstonia mwaka 1995. Huingia mmea kwa mizizi, hasa penye jeraha, akajaza mishipa ya maji mpaka mmea unyauke mchana wa jua hali udongo una unyevu. Mmea ni wa kijani bado, lakini umelala. Ndugu zake wengi hupenda joto, ila aina inayoshambulia mbatata milimani hustahimili baridi, na wataalamu wanaona kwamba asili yake ni Amerika ya Kusini, kama mbatata yenyewe. Tena baridi humfanya mjanja. Katika konde la juu sana mmea unaweza kumbeba bila ya kunyauka, ukatoa mbatata nzuri za kutazama, na mkulima akaziuza au kuziweka mbegu. Zikipandwa mahali penye joto kidogo, konde zima hulala.

Mama mmoja wa Gare, mtu mzima, alitufundisha namna ya kumtambua. Tulikuwa tunabishana, mimi na mwenzangu, kama mimea aliyotuonyesha imenyauka kwa kiu au kwa fuko kukata mizizi. Akatucheka. "Mwanangu," akaniambia, "nyinyi wa pwani mnajua bahari, nipe hiyo glasi." Akakata shina karibu na ardhi, akaliosha, akalining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, akatuambia tusiitikise. Kabla ya chai kupoa tuliona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka penye mkato mpaka chini ya glasi. Nikamwuliza, "Mama, na hizo ni nini?" Akasema, "Ndio hao." Kila uzi ulikuwa ni bakteria wasiohesabika. Mbatata zake nyingine zilikuwa na udongo ulionata machoni, na alipokata moja tuliona duara la hudhurungi ndani, likitoa ute. Msimu ule alikuwa ametegemea kulipia ada ya mjukuu kwa konde lile.

Basi jembe limehusikaje? Kwa njia nne, na nitazisema kama nilivyozielewa.

Ya kwanza ni majeraha. Desturi ya kilimo cha mbatata ni kupanda katika shimo au tuta dogo, kisha kupalilia na kuinulia udongo mara moja, mbili, hata tatu wakati mmea unakua. Kila mara jembe linapopita karibu na shina hukata mizizi, na kila mzizi uliokatwa ni mlango. Kama bakteria mwovu yumo katika konde, amefunguliwa na mwenye nyumba. Ndiyo maana washauri wa kilimo cha mbatata hivi sasa husema tuta liinuliwe kikamilifu wakati wa kupanda, na baada ya hapo majani yang'olewe kwa mkono.

Ya pili ni udongo ulioganda kwenye jembe. Milimani watu hulimiana, na jembe lililokuwa kwa jirani asubuhi liko kwako alasiri. Ni desturi njema, wala sitaki ife. Lakini donge la matope lenye ukubwa wa kokwa ya zambarau latosha kuhamisha maradhi. Kulikwangua jembe, kuliosha, na kulipitisha motoni ni kazi ya dakika chache.

Ya tatu ni maji. Tuta likielekezwa kushuka mteremko badala ya kuukinga, mvua hulifanya mfereji, na bakteria wa konde la juu huamkia katika konde la chini. Hapo maamrisho ya zamani na sayansi ya leo yanakubaliana kabisa. Kosa lilikuwa ni faini na vipimo vya lazima, si kukinga maji.

Ya nne yanipendeza zaidi kwa sababu inalitetea jembe. Kulima kiangazi, jua likiwa kali, na kuugeuza udongo ukauke, humpunguza bakteria huyu, maana hapendi ukavu. Na palipo na mbatata zilizosalia ardhini baada ya mavuno, jembe la kiangazi huzifukua. Mbatata hizo ndizo nyumba yake ya kulala mpaka msimu ujao. Mkulima aliyeambiwa na mgeni kwamba kulima ni kubaya siku zote ameambiwa nusu ya neno.

Kwa hiyo naona wanaolaumu kilimo cha jadi kwa jumla wamekosea, na wanaokisifu kwa jumla wamekosea vile vile. Kuchanganya mazao, kutandaza majani, kupanda mapema na kulipumzisha konde huwalisha bakteria wema, na udongo wenye viumbe wengi wa namna nyingi huwa mgumu kwa mwovu kuutawala, kwa sababu hapati nafasi wala chakula bila ya kushindana. Kuinulia udongo mara kwa mara na kuazimana majembe machafu humsaidia mwovu. Na mambo mawili hayatokani na jadi hata kidogo. La kwanza ni mbegu za kununua sokoni bila ya kujua zilikotoka, ambazo ndizo njia kuu ya kueneza maradhi haya kuliko jembe lolote. La pili ni kupanda tungule baada ya mbatata na mbatata baada ya tungule katika konde lile lile kwa kufuata bei ya mji. Tungule, bilingani, pilipili, tumbaku, hata mnavu unaoota wenyewe, wote hao ni jamaa moja na mbatata na wote humpokea bakteria huyu. Konde lililougua lataka misimu mitatu au zaidi ya mahindi, ngano, maharage au kabichi, na masalia yote yang'olewe. Nilipomwambia mama yule hivyo aliniuliza swali ambalo sikuwa na jawabu lake: akiwa na konde moja tu, hiyo misimu mitatu atakula fedha gani? Wanaoandika vijitabu vya kilimo wangeanza na swali hilo.

Sasa turudi visiwani. Nimesema maradhi ya Gare yana ndugu. Huko Sumatra na Java mikarafuu hufa kwa maradhi yaitwayo maradhi ya Sumatra: majani huanza kupukutika kileleni, matawi yakakauka, na mti mkubwa ukafa. Kinachoua ni bakteria anayeishi katika mishipa ya maji ya mti. Alipewa jina mwaka 1990, na mwaka 2014 wataalamu walipoupanga upya ukoo huo walimweka chini ya jina Ralstonia syzygii, yaani jamaa wa karibu kabisa wa yule wa mbatata. Sisemi kwamba mbatata zitaua mikarafuu yetu. Hawa ni ndugu wawili wenye nyumba mbili. Wala sisemi kwamba huyo wa Sumatra huenezwa kwa jembe, kwani yeye huchukuliwa na wadudu wadogo wafyonzao utomvu. Ninalolisema ni kwamba asilete mtu miche wala vikonyo vibichi vya mikarafuu kutoka nje kwa njia za mlango wa nyuma, hata akiambiwa ni mbegu bora namna gani.

Kifo cha ghafla tunakijua wenyewe. Katika miaka ya 1950 Nutman na Roberts, waliokuja Unguja kuyachunguza maradhi hayo, walionyesha kwamba ni kuvu, Valsa eugeniae, nalo kazi yake huifanya mizizini. Na mizizi ya mkarafuu inayokula chakula iko wapi? Iko juu juu, chini kidogo tu ya majani makavu, katika ile shibiri moja niliyoitaja. Anayelima chini ya mkarafuu kwa jembe anakata mizizi ileile inayoulisha mti, na kuacha majeraha wakati wa mvua. Mkulima wa mbatata analazimika kuchimba, kwa kuwa zao lake liko chini. Zao letu liko juu ya mti. Sisi tunachimba kwa sababu gani?

Tena Pemba si nchi tambarare. Tazameni mashamba ya vilimani baada ya masika, mahali palipolimwa mihogo chini ya mikarafuu mpaka shinani, mkaone mizizi ilivyobaki wazi kama mishipa ya mkono wa mzee. Udongo ule umekwenda mtoni na bakteria wake wote. Hauwezi kurudishwa kwa mfuko wa mbolea, kwa sababu mbolea ni chakula, na waliokuwa wakikipika hawapo tena.

Watasema: nyasi nazo hula chakula cha mti. Ni kweli, na mche mchanga wa mkarafuu ukifunikwa na ukoka hudumaa. Kwa hiyo mche na upaliliwe kwa mkono, duara la hatua moja kuuzunguka, mpaka uwe na nguvu. Lakini mti mkubwa wenye kivuli chake hauogopi majani. Yafyekwe kwa panga kabla ya mavuno, yaachwe yalale palepale yaoze, ila yasirundikwe shinani. Na anayeona taabu kuokota karafuu katika nyasi atandike jamvi, kama walivyokuwa wakifanya watu waangalifu siku zote.

Shauri langu kwa Mkutano Mkuu ni hili: fedha zilizoombwa zitolewe, lakini zitolewe kwa kufyeka na si kwa kulima. Sehemu yake inunuliwe mapanga na majamvi kwa kila tawi. Mihogo ilimwe palipokufa miti tu, kwa matuta yanayoukinga mteremko, na vitalu vya miche visiwekwe mahali palipokuwa na tungule au bilingani mpaka misimu mitatu ipite. Tawi litakalopenda kufanya majaribio lichague mashamba mawili yanayopakana, moja lilimwe kama walivyoomba wenzetu na moja lifyekwe, yahesabiwe mazao ya kila mti kwa mavuno mawili makubwa, na hesabu ziletwe katika jarida hili, hata zikinipinga. Majina ya matawi yaliyo tayari yapelekwe kwa makatibu wa wilaya kabla ya siku ya mkutano, pamoja na idadi ya miti na umri wake, na mwenye shamba atie sahihi yake kwamba amekubali.